Mgeni wa Viatu Laini

Sikumpenda yule msanii tangu siku ya kwanza, na sababu yangu ilikuwa viatu vyake. Havikuwa na sauti. Mwanamume mzima aliingia darasani kwangu nyuma ya mwalimu mkuu, akasimama, akatazama atakavyo, nami sikujua kama yumo mpaka mwalimu mkuu aliposema, "Huyu ndiye mgeni wetu." Nikanyoosha mkono kule nilikodhani amesimama. Mkono wake ulikuja kutoka upande mwingine kabisa.

Mwalimu mkuu akaeleza mpango. Wasanii wanaletwa shuleni ili watoto wasikae na vitabu tu. Mwaka jana shule ya jirani ilipata mpiga ngoma, sisi tumepata mtu wa maigizo ya kimya, anayesimulia kisa kizima kwa mwili bila kutamka neno. Angekuja Alhamisi sita, na Alhamisi ya mwisho wazazi wangealikwa kutazama. Nikasema kunyamaza ndiko kulikowashinda watoto hawa, labda mgeni atatusaidia. Mwalimu mkuu akacheka. Mimi moyoni sikucheka, nilikuwa najiuliza kwa nini, katika shule yenye madarasa saba, mtu huyu ameletwa kwangu.

Niseme sasa jambo ambalo wakati ule tulilijua mimi na mdogo wangu tu. Macho yangu yalikuwa yamekwisha. Daktari aliyaita maradhi hayo presha ya macho, akaniambia kilichopotea hakirudi. Niliona mwanga wa dirisha na vivuli vya watu, na sura ya mtu niliitambua akiwa pua kwa pua na mimi. Kustaafu kulikuwa kumebaki miaka miwili. Nilikuwa nimeona yaliyompata mwalimu wa darasa la tatu alipoanza kuumwa miguu. Walimhamishia stoo alinde vitabu, na muhula haukuisha akaacha kazi mwenyewe. Nikaapa kwamba mimi stoo hawataniweka.

Na nilijiweza. Chumba kile nilikifundishia miaka ishirini na saba. Kutoka mlangoni hadi mezani ni hatua kumi na moja, vidole vikipita juu ya madawati ya mbele. Nikifika, naigonga kona ya meza kwa pete yangu, nigeuke, hatua nne, ubao. Chaki hukaa kushoto. Madaftari nilibeba nyumbani, mdogo wangu akanisomea majibu, nami nikamwambia weka vema, weka kosa. Darasani watoto hawakunyoosha mikono. Walianza wenyewe mwanzoni mwa mwaka kusema mahali walipokaa: "Mimi wa dirishani, mwalimu," "Mimi wa kabatini." Mwalimu mkuu aliwasikia siku moja, akanisifu mbele ya walimu wenzangu kwa kubuni mbinu mpya. Sifa nilizipokea, tena bila aibu.

Sasa mniletee mtu asiyesema wala asiyesikika anapotembea. Mimi niliyekuwa naishi kwa masikio nilikaa mezani Alhamisi nzima na watoto arobaini na wawili walionyamaza, na katikati yao mwanamume ambaye sikujua yuko wapi. Mara kicheko. Wanacheka nini? Nikikohoa, kicheko kinakatika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nikawa nausubiri huo mshindo. Watoto walimwita Kimya, naye akalipokea jina.

Kila kitu kikaanza kuninukia vibaya. Mwalimu mkuu akanisimamisha barazani mara mbili kwa wiki moja, akitaka kujua kama mgeni ameniambia lolote. Lolote lipi? Wiki ya tatu niliwahi kufika, nikasikia madawati yanaburutwa chumbani. Nilipotia mguu ndani, hata pumzi haikusikika. Siku hiyo hiyo, kengele ilipolia, sauti ya kiume ikatoka karibu na bega langu, nikaruka.

Aliniuliza nimefundisha miaka mingapi. Nikamjibu. Akauliza kama ni chumba hiki hiki miaka yote. Nikamwambia hiki hiki, kisha nikamuuliza kama anaandika kitabu. Labda alitabasamu, labda alikwisha kwenda zake.

Nyumbani nilimwambia mdogo wangu kwamba huyu ametumwa, kazi yake ni kunichunguza na kupeleka habari ofisini. Mdogo wangu akaweka kalamu chini.

"Dada, mficha maradhi kifo humuumbua. Waambie mwenyewe kabla hawajaambiwa."

Nikamwambia asome daftari linalofuata.

Wiki ya nne Kimya aliwapa kazi. Kwa kazi hiyo alilazimika kufungua mdomo, nikasikia neno kwa neno. Kila mtoto achague mtu mmoja anayemjua, amtazame wiki nzima anavyotembea, anavyoshika vitu, anavyogeuka, kisha aje amwigize bila kusema ni nani. Nikaona haina neno. Wataleta wajomba walevi na wauza duka.

Wiki ya tano walianza kuonyesha. Nilikuwa mezani nimekunja mikono, nikasikia mtoto anatoka mlangoni. Hatua. Kisha mlio mkavu wa vidole vinavyoteleza kwenye ukingo wa dawati, vinakatika, vinashika dawati la pili, vinakatika, vinashika la tatu. Halafu tik, kitu kigumu kikagonga kona ya meza, inchi chache kutoka kwenye kiwiko changu.

Ile ilikuwa njia yangu. Akaja mtoto wa pili: vidole, vidole, vidole, tik. Akaja wa tatu, naye vile vile. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wangecheka ningejua la kuwafanya.

Kengele ya mapumziko ilipolia nilimwita yule bwana barazani, nikaishika nguzo ili nijue nimesimama wapi.

"Nani kakutuma?"

"Kunituma wapi, mwalimu?"

"Usinizungushe. Umewafundisha watoto wangu kunidhihaki, ili wiki ijayo mwalimu mkuu aone na wazazi waone. Sema ni nani."

Akajibu kwa sauti ya chini.

"Niliwaambia kila mmoja achague mtu wake. Wote arobaini na wawili wamekuchagua wewe. Mimi sikuwatajia mtu."

Akaanza kunisimulia, na sikuwa na pa kukimbilia. Siku yake ya kwanza msichana mmoja alimvuta shati akamsogeza, kwa sababu alikuwa amesimama kwenye njia yangu. Kila asubuhi kabla sijafika, watoto hunyoosha madawati kwa kufuata ufa wa sakafu, husukuma mifuko ndani, huhakikisha chaki iko kushoto. Nikiwaambia wasome kwa pamoja, husoma kwa kupaza sauti ili nisisikie mwenzao wanayemwita Kasuku anapokwenda ubaoni kufuta mistari niliyoiandika juu ya mistari mingine na kuiandika upya. Na mimi nilikuwa najivunia kusoma kwao! Nilikuwa nikiwaambia wenzangu ofisini kwamba darasa la tano linasikika mpaka barabarani.

"Nimeletwa kuwafundisha maigizo," akasema, "na wao wanaigiza tangu mwaka uanze."

Mnadhani nililainika? Niliona haya mpaka masikio yakawaka, na haya zangu hugeuka hasira upesi. Kumbe njama ilikuwepo kweli, nilikosea wenye njama tu. Nikamuuliza mwalimu mkuu anajua nini. Akasema mkuu hajui kitu, na kwamba yeye mgeni watoto wamemwapisha asiseme. Nikamtaka akiondoe kile kipande kwenye maonyesho.

"Si changu, mwalimu. Ni chao. Waombe wao."

Alijua siwezi. Kuwaomba ni kukiri. Nikarudi ndani nikiwa na hakika kwamba mtu yule ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Alhamisi ya sita nilimsikia tangu getini: ko, ko, ko. Amevaa viatu vya kisigino kigumu. Mwigizaji wa kimya anapiga kelele uwanja mzima kama farasi, watoto wakaangua kicheko. Nilielewa amevivaa kwa ajili ya nani. Hata hivyo moyo ulioshika mazoea ya kushuku hauachi kwa siku moja, na nikajiuliza kama naye hanifanyii mzaha.

Chumba changu kilikuwa kimefanywa ukumbi. Madawati yamesukumwa ukutani, mabenchi ya wazazi yameletwa, na dawati moja tu limeachwa katikati. Njia yangu ilikuwa imekufa. Kasuku akanishika mkono, akanipeleka kwenye kiti karibu na mwalimu mkuu, akisema mwalimu wa darasa hukaa mbele. Huyu Kasuku ni mtoto anayezungumza hata akitafuna, ndiyo asili ya jina lake. Siku ile alinyamaza njia nzima, nami nikaogopa.

Walianza vizuri. Wakavuta kamba isiyokuwepo, wakabeba mzigo usiokuwepo, na kwa vicheko vya wazazi niliweza kufuata kila kitu. Nikaanza kupumua. Pengine wamekiacha kile kipande. Halafu ukumbi ukatulia, nikasikia vidole juu ya lile dawati moja. Tik. Wakapita mmoja mmoja. Wazazi wachache walicheka mwanzoni, kisha wakaacha.

Walipomaliza, mwalimu mkuu aliinuka.

"Mmefanya vizuri sana. Sasa tuambieni, huyu mliyemwigiza ni nani?"

"Ni bibi yangu," akasema Kasuku. "Haoni vizuri."

Bibi yake tulimzika mwaka juzi, na mpaka wiki yake ya mwisho alitunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Mwalimu mkuu akamgeukia aliyefuata. Naye akasema ni bibi yake. Wa tatu bibi yake, wa nne bibi yake, na hakuna aliyebabaika. Walikuwa wamepanga. "Darasa zima lina bibi mmoja," mwalimu mkuu akatania, na wazazi wakacheka. Mama yake Kasuku alikuwa humo humo ukumbini, akijua mama yake mzazi hakuwa kipofu, naye hakufungua mdomo.

Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo sana. Nikae. Kicheko kiishe, wazazi waende, nami nibaki na miaka yangu miwili. Lakini Kasuku huyu huyu nilimsimamisha ukutani muhula uliopita kwa uongo wa daftari, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mwongo hana rafiki. Sasa alikuwa amesimama mbele ya mama yake na mwalimu mkuu akinidanganyia. Nilimpenda mtoto yule saa ile kuliko nilivyowahi kumpenda mwanafunzi yeyote, na nikajichukia.

"Hakuna bibi," nikasema. "Ni mimi."

Kicheko kilikatika kidogo kidogo, kwanza mbele, mwisho nyuma. Mwalimu mkuu akauliza ni tangu lini. Nikamwambia ni tangu mwaka juzi, kwamba watoto hawana kosa, na mgeni naye hana kosa, ingawa kulisema hilo la pili kulinigharimu. Mwalimu mkuu akakaa karibu nami, akanishika kiganja. Alizungumza kwa upole, na upole wa ofisi nimeuogopa maisha yangu yote.

"Nenda hospitali kwanza, mwalimu. Jumatatu nitaweka mtu mwingine darasani. Halafu tutaongea."

Nilikaa miaka ishirini na saba katika kazi ile, najua "tutaongea" maana yake nini. Nikashukuru. Nikachukua mkoba wangu, nikasimama wima nitoke mwenyewe kwa heshima yangu.

Hatua ya kwanza niligonga benchi. Ya pili sikujua naelekea wapi. Nilinyoosha mkono kutafuta ukingo wa dawati, na hapakuwa na dawati. Chumba changu mwenyewe, na nilikuwa nimepotea ndani yake mbele ya wazazi wote.

"Mimi wa dirishani, mwalimu."

Sauti ilitoka upande wa kulia. Nikaifuata. Nilipoikaribia ikasema ya pili, mbele zaidi, "Mimi wa kabatini." Nikaenda. "Mimi wa pembeni ya ubao, hapa kuna benchi, pita kushoto." Nikapita kushoto. Hawakuwa wamekaa mahali pao hata mmoja, walijipanga wenyewe wakati ule ule kutoka kitini kwangu hadi mlangoni, wakinipokezana kwa sauti. Mlangoni visigino viwili viligonga kizingiti, ko, ko. Kasuku akasema, "Inua mguu hapa."

Niliinua mguu, kisha nikageuka kuwatazama, kwa mazoea tu.

"Jumatatu atakuja mwalimu mwingine," nikawaambia. "Kwake mnyooshe mikono. Yeye ataiona."

"Ndiyo, mwalimu," wakaitikia wote kwa pamoja, kwa ile sauti kubwa ya kufichia chaki, na mara ile sikutaka kujua walikuwa wanaficha nini.