Aliyepika Ndiye Anayeonja

Niseme ukweli: mkutanoni sikwenda kusikiliza. Nilikwenda kugomba.

Ulezi wangu ulikuwa umekataa tena kuchipua. Sisi akina mama wa huku, njia ya Matai, kimea cha pombe tunakiandalia kijitoni. Unafunga ulezi kwenye gunia, unalizamisha, unalifunga kamba mtini, unayaachia maji kazi. Sasa kila nikilivuta gunia, ulezi umeoza na unanuka kutu. Jirani yangu Minza, Msukuma mfuga ng'ombe, aliniambia ng'ombe wake wanayanusa maji yale wanageuka. Ng'ombe wameshakataa, halafu sisi watu eti tunaambiwa tunywe!

Juu ya kijito ndipo Evaristi alipojenga makaro yake ya kulowekea mawe ya madini. Si mgeni, ni mtoto wa hapa jirani, Kizwite, na pombe ya ulezi kaijua tangu ujana. Anasaga mawe meusi, anayaloweka kwenye tindikali mpaka yatoe sumu zake, risasi na manganizi, anachuja, anabaki na madini anayoyataka. Hapo namwelewa, maana na mimi kazi yangu ni kuloweka na kuchuja. Tofauti yetu ni machicha. Yangu nguruwe wanakula wananenepa. Yake anayafungulia mfereji, yanatushukia sisi huku chini.

Msimamizi wa makaro hayo ni Flavian, mume wa binti yangu Salome. Nilipomuuliza habari za maji, aliangalia chini akasema ni salama. Sikumwamini hata kidogo, ila mkwe humgombezi.

Basi Evaristi akaita kijiji uwanjani kwake, tukubali aongeze makaro. Akasema maji yamepimwa, ni safi, na anayelalamika anachukia maendeleo. Wenye watoto kazini kwake wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikainuka na kibuyu changu na kata ya kunywea, nikaenda hadi mbele yake. Akaniamkia shikamoo mama, akacheka, akauliza kama nimemletea pombe asubuhi yote hii.

"Pombe sina, kimea umekiua," nikamwambia, nikamjazia kata kutoka kibuyuni. "Haya ni maji ya mfereji wako, umeyapika mwenyewe. Na kwetu, mwanangu, aliyepika ndiye anayeonja kwanza."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Huku kwetu mpika pombe hampi mgeni kata kabla yeye mwenyewe hajapiga funda mbele za watu. Akikataa, wageni wanainuka wanaondoka, na pombe yake hainywi mtu tena. Evaristi alilijua hilo vizuri. Akanitazama, akawatazama watu, kiburi kikamzidi. Akaipokea kata, akaipeleka mdomoni.

"Bosi, usinywe!"

Alikuwa Flavian. Mkwe ambaye mbele yangu hata kukohoa anaona aibu, kamkamata bosi wake mkono, maji ya kata yote yakamwagika chini. Evaristi alimfukuza kazi palepale. Flavian akanigeukia mimi, machozi yanamtoka.

"Risasi imo, mama," akasema.

Jamani, nilimwonea huruma, na hasira nazo zilinipanda upya, maana sasa Salome atakula nini. Nikamwambia mkwe wangu, watu wote wakisikia, kwamba shamba langu la mahindi ni lake pia, hawatalala njaa.

Baada ya hapo hakuna aliyengoja kuulizwa kama anakubali makaro. Tulishuka kijitoni sisi wanawake, Minza mbele, tukayavuta magunia yetu ya ulezi uliooza, tukayapandisha yakichuruzika maji mgongoni. Tukayapanga kwenye mdomo wa mfereji wa Evaristi, Flavian akituonyesha pa kukaza, mpaka ukaziba.

Evaristi anasema anaita polisi. Aite. Mimi nimekaa juu ya gunia langu, kibuyu kiko pembeni na maji yamebaki. Hao polisi nitawaamkia vizuri, na atakayeniambia nitoke hapa nitampa kata, aonje kwanza.