Jiwe Lililolia Kabla ya Kupasuka

Kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha mimi husaga karanga za uji juu ya jiwe la marehemu bibi, na asubuhi ile mafuta yalikuwa yameanza kutoka jiwe lilipopasuka vipande viwili chini ya mikono yangu. Mama alikuja mbio. "Ala! Jiwe la miaka yote hiyo, livunjike ghafla hivi?" Kisha akakumbuka jambo lake. "Kaka yako Ntandu anakuja leo kukuchukua. Umeshafunga mizigo?" Kaka ana duka la vifaa vya ujenzi Dodoma, anataka mtu wa kuaminika alisimamie. Nikienda, watoto wangu wa darasa la awali hawatakuwa na mwalimu, na mimi sitakuwa mwalimu tena. Siku mama aliponiuliza kama nakubali, nilimjibu kama ninavyojibu siku zote: "Haidhuru, mama." Nikajibu hivyo hivyo tena asubuhi ile, huku nikiokota karanga.

Shuleni sikuweza kuwaaga watoto. Nilirudi mchana, nikajilaza mkekani kando ya nguo nilizokunja nusu, usingizi ukanichukua, nikaota.

Nilijiona katika nchi ya mawe matupu, mawe yaliyopandana hadi mawinguni, na mwanga wake ulikuwa laini kama mwanga unaopita kwenye kanga mbichi iliyoanikwa. Katikati ameketi mwanamke wa jiwe, mkubwa kama kilima, mwenye uso mpole hata nikatamani kumwamkia. Watu walimwendea kwa msururu, kila mmoja na mzigo wake, na mbele yao mwanamume mchangamfu akipiga mluzi na kuelekeza. "Leteni, leteni! Dada huyu hana neno. Wewe wa kabati, begani. Godoro? Weka tu, lini alikataa?" Watu wakacheka, wala si kwa ubaya. Mmoja alishukuru hata, ila alimshukuru yule wa mluzi.

"Aliyeketi ni Uvumilivu, na anayempakia ni Mazoea," alisema msichana wa rika langu, mwenye vumbi la mawe kwenye kope na nyundo ndogo kiunoni. "Mimi naitwa Usikivu. Njoo, weka sikio hapa."

Niliweka sikio kwenye mguu wa jiwe. Mwanzoni sikusikia kitu. Kisha, tik, kama chembe ya chumvi iliyoangukia kikaango cha moto. Kisha nyingine, mbali, huko mbavuni.

"Ndivyo anavyosema," aliniambia Usikivu. "Kila mlio ni ufa mwembamba kuliko unywele, unaofunguka kati ya punje na punje. Nyufa za kwanza hazijuani, kila moja iko kwake. Mzigo ukizidi hurefuka, zikaanza kunyoosheana mikono, na siku zitakaposhikana watu wote watasema jiwe limevunjika ghafla."

Nikamwona msichana mwingine, kanga imemziba mdomo, akipita na bakuli la tope na kupaka kila palipoonyesha mstari. Alipaka kwa kidole, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. "Wageni wasione," alininong'oneza. Jina lake lilikuwa Haya, nami nikampenda papo hapo, nikamtetea. "Si tumefundishwa kuziba ufa?"

"Ukuta huzibwa," Usikivu alijibu bila ukali. "Huyu ana mdomo. Na tope halijapunguza mzigo hata wa mtu mmoja."

Milio ikawa mingi, tena yote ikitoka mstari mmoja. Mazoea akanigeukia akitabasamu. "Na wewe, dada, weka hicho chako. Ni kidogo tu!" Nikatazama mkononi nikaona funguo za duka. Uvumilivu akaniinamia, na pumzi yake ikanukia karanga.

"Tukimpunguzia sasa, atapona?" niliuliza.

"Nyufa hazitafutika, lakini atabaki mzima."

"Basi mwambie akatae!"

"Amekuwa akisema siku zote," alisema Usikivu. "Wewe je?"

Nilifungua mdomo, nikaamka.

Nje palisikika tik, tik. Ilikuwa injini ya gari la kaka, imezimwa na inapoa. "Mwalimu bado amelala?" Ntandu alikuwa akitania. "Dukani kwangu hakuna kulala mchana!"

"Mwache," alisema mama. "Ana huzuni ya jiwe."

Nilitoka. Vile vipande viwili vilikuwa vimeegemezwa ukutani, nikachuchumaa nikavitazama pale vilipoachana. Karibu pote palikuwa peusi kwa mafuta ya karanga yaliyopenya zamani. Palipovunjika leo, peupe, palikuwa pembamba kama upana wa kidole. Miaka yote tulisaga juu ya ufa ule, nao ukinywa kimya kimya.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mizigo iko wapi, tupakie?"

"Kaka yako anataka mwondoke sasa hivi," alisema mama. "Haidhuru, eh, Zaituni?"

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya jiwe.

"Inadhuru," nilisema.

Mama akageuka. "Unasemaje, mwanangu?"

"Inadhuru, mama. Sitaki kwenda dukani. Nataka kubaki hapa nifundishe watoto wangu."