Mama Mikasi na Bima Kubwa

Mama Mikasi aliingia kwenye urubani kwa mlango wa nyuma. Shule ya urubani ilimpa kazi ya kushona upya vitambaa vya viti vya ndege zake ndogo, naye akakaa kwenye kiti cha rubani ili apime vizuri. Kuanzia hapo hakushikika. Fundi cherehani mzima, mwenye watoto wawili sekondari, akaanza kujifunza kurusha ndege. Watu walicheka mpaka wakachoka, naye akaendelea.

Sasa yalibaki mambo mawili: kuruka peke yake Jumamosi, bila mwalimu pembeni, na karatasi ya bima.

"Shule si ina bima tayari?" alimuuliza wakala wa bima, bwana mpole ambaye shati lake, kwa jicho la fundi, lilihitaji kuongezwa kiunoni.

"Inayo, lakini inailinda shule. Wewe umeikodi ndege yao. Ukiiharibu, kampuni itawalipa wenye ndege, halafu itakugeukia wewe ikudai." Akamsogezea karatasi. "Bima ndogo inalipa ukigonga mtu au mali ya mtu. Kubwa inalipa hayo na ndege yenyewe. Inaanza ukikabidhiwa funguo, inaisha ukizirudisha. Kitakachotokea hapo katikati, hata kikifanywa na mwingine, kinahesabiwa chako, na bima inakilipia."

Mama Mikasi alirudi kazini roho juu juu. Bima kubwa ingemeza akiba yote ya mashine mpya ya kumalizia mishono, ambayo yeye na mama yake waliidunduliza mwaka mzima. Lakini akiharibu ndege akiwa na bima ndogo, vitauzwa hata vyerehani viwili walivyonavyo. Kimoja kilikuwa cha mama yake, kile kile alichomfundishia kazi.

Mama yake hakutaka hata kusikia.

"Mwanangu, maneno huumba," alisema, akihangaika kutunga uzi. Miwani aliificha mkobani kwa sababu ilimzeesha, kwa hiyo sindano ilikuwa inampiga chenga. "Unaandika 'ndege ikivunjika', halafu unatia sahihi chini? Huo ni uchuro."

"Mama, wewe ukikata gauni huachi kitambaa cha akiba kwenye mshono?"

"Naacha, watu wananenepa. Kunenepa si ajali. Chukua hiyo ndogo, kubwa ni mashine yetu."

"Haya, mama," alijibu Mama Mikasi, ile haya ambayo haikubali wala haikatai.

Jumamosi mama yake alifika uwanjani amevaa gauni la sherehe. Ndege ilipopaa alijifunika uso kwa mkoba, na kila baada ya muda alimuuliza mwalimu kama mtoto bado yuko juu. Mtoto alikuwa juu, tena anaimba. Alizunguka uwanja mara tatu, akashuka, magurudumu yakadunda mara moja kisha yakatulia. Mama Mikasi alilia kwa furaha peke yake mle ndani, akajifuta kabla ya kufungua mlango.

Ndege hizo huzimwa mbele ya banda, kisha huingizwa kwa kusukumwa kwa mikono. Mwalimu alishika nguzo ya bawa moja, Mama Mikasi akashika ya bawa la pili. Mama naye, furaha imempanda kichwani, akaenda mkiani, akaegemea kwa nguvu zake zote kile kibati kinachopanda na kushuka. Kilikuwa na maandishi mekundu: USISUKUME HAPA.

Kibati kikalia kra.

Mwalimu akapiga magoti, akakikagua. "Kimepinda," alisema taratibu. "Hairuki mpaka kibadilishwe."

Mama Mikasi akajipapasa mfukoni. Funguo alikuwa bado nazo.

Mama yake akatoa miwani mkobani, akaivaa, akasoma yale maandishi neno kwa neno. Kisha akamsogelea binti yake na kumnong'oneza.

"Mwanangu, ile bima. Ulichukua ipi?"

Siku nne nzima Mama Mikasi alikuwa akitafuta namna ya kumwambia, na kila siku alishindwa.

"Kubwa, mama. Mashine yetu imekwenda. Nisamehe."

Mama yake akashusha pumzi ndefu, akamshika binti yake mkono.

"Kwa hiyo hukunisikiliza."

"Sikukusikiliza."

"Tangu mdogo husikii," mama alisema, akilengwalengwa na machozi. "Mungu akuzidishie ukaidi huo huo."

Ndege ilikuwa bado nusu nje. Mama akairekebisha miwani puani, wala hakuivua tena, akamgeukia mwalimu na kumuuliza pa kushika.