Waraka wa Nakala ya Tatu

Kufikia saa nne asubuhi, babu alikuwa ameshawahukumu wabunge wote, mawaziri watatu na mtu yeyote yule aliyebuni foleni. Mjukuu wake, aliyebanana naye kwenye benchi la ofisi ya usajili, alimwacha ajimwage. Akili yake yeye ilikuwa kwenye saa ya ukutani. Chuo cha uuguzi kilikuwa kinafunga kupokea wanafunzi saa sita kamili, na bila cheti cha kuzaliwa nafasi yake ingepewa mwingine.

"Mchumba, usikunje uso," babu alimnong'oneza. "Nimefanya kazi jengo hili miaka thelathini. Enzi zetu upuuzi huu haukuwapo."

Zamu yao ilifika saa tano na ushei. Karani, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alizipanga fomu zao mbili, akazigonga mihuri, kisha akasita.

"Nakala ya tatu iko wapi?"

"Ya nini?" babu akauliza.

"Ya kabatini. Inatiwa sahihi na mtunza kabati, naye yuko likizo mpaka Jumatatu."

Mjukuu aliitazama tena saa ya ukutani. Babu alipandisha sauti hadi foleni nzima ikageuka kumtazama kwa heshima. "Kabati! Mtoto akose chuo kwa ajili ya kabati! Hebu nionyesheni huyo mpumbavu aliyetunga sheria hii!"

Karani hakubishana. Alinyoosha kidole kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai, iliyobandikwa ukutani. Mjukuu akasogea, akaisoma kwa sauti: kwa kuwa paa linavuja, kila ombi liwe na nakala ya tatu, itunzwe katika kabati la chuma, waraka huu utafutwa na aliyeutia sahihi. Chini yake palikuwa na sahihi yenye mkia mrefu wa kujidai, ileile iliyokuwa kwenye ripoti zake zote za shule.

"Babu."

"Naona."

"Mpumbavu tumempata."

Foleni ilicheka mpaka mtoto wa mtu akaamka mgongoni.

"Lakini paa lilivuja kweli, jamani," babu alisema kwa unyonge. "Nilikuwa naanika mafaili uani kama nguo."

"Likatengenezwa lini?"

"Mwaka uliofuata," karani alijibu. "Mzee hakusema kitu, nasi tukaendelea. Tulidhani ana sababu."

"Nilisahau tu, mwanangu."

Mjukuu aliubandua waraka, akaulaza mbele ya babu na kumpa kalamu. "Ufute."

"Nimestaafu, mchumba."

Karani alivaa miwani, akausoma upya neno kwa neno. "Unasema aliyeutia sahihi. Hausemi awe kazini."

Babu akaandika: Paa limepona. Umefutwa. Mkia wa sahihi ulitoka na majivuno yake yote. Karani alilinganisha sahihi mbili, akaikagua dari kavu kwa makini ya kiofisi, kisha akachapa cheti na kukigonga muhuri.

Saa sita kasoro robo. Mjukuu alimbusu babu kwenye upara, akatimua mbio. Mlangoni alimsikia karani akisema kwa adabu kubwa, "Mzee, kaa kidogo. Ziko nyaraka nyingine kumi na moja zenye sahihi yako," na watu wa foleni wakigombea kumvutia babu kiti.