Mkono wa Mzee wa Kanisa

Tangu mchungaji atangaze kwamba kila ibada itafungwa kwa kumbatio la upendo, fundi cherehani, mama mjane, alianza kuichukia Jumapili. Si kwamba alikuwa mtu wa kujitenga. Kazi yake ilikuwa kugusa watu: kuzungusha futi kiunoni, kupima bega, kuinua kidevu cha mteja ili kola ikae sawa. Kwa miaka ishirini wanawake walisimama mbele yake na shumizi tu, na hakuna aliyewahi kushtuka. Mkono wa kupima aliujua. Wa kusalimia pia. Ule wa mzee wa kanisa haukuwa wowote kati ya hiyo.

Mzee huyo, ambaye vijana walimwita Gundi kwa kuwa akikushika hakuachii, alisimama mlangoni watu wakitoka. "Bwana akubariki, binti yangu," alisema kwa pumzi ya kitunguu, shavu lake la jasho likimgandama fundi shavuni. Kiganja kilitambaa mgongoni, kikatulia kwenye kifungo cha sidiria, halafu kikaendelea na safari. Akifika nyumbani, fundi alivua gauni kabla hata ya viatu, akalitumbukiza kwenye beseni.

Akamwendea mke wa mchungaji. "Mama mchungaji, yule mzee ananishika vibaya."

Mama alitabasamu kama anayebembeleza mtoto. "Dada yangu, ule ni upendo wa Kristo. Yule ni sawa na baba yako. Labda ni mawazo tu, tangu shemeji atutoke."

Fundi akajikuta anaomba radhi. Njiani alitema mate mara mbili, na hakujua anamtemea nani.

Jumapili iliyofuata, mpwa wake wa miaka kumi na mitatu alitangulia mlangoni. Fundi, watu wanne nyuma yake, aliona mikono ya mtoto imening'inia tu, macho yamefumbwa, midomo imebanwa asiivute ile pumzi. Na kile kiganja kinashuka.

Hakupiga kelele. Alipenya, akakikamata kiganja, akakibandua mgongoni kwa mtoto kama mtu anayebandua konokono ukutani. Kilikuwa na unyevu.

"Mzee, mkono wako umeshuka sana."

"Binti yangu, umeelewa vibaya..."

"Mimi si binti yako. Na huyu si mjukuu wako."

Kisha mpishi wa shule, mama wa makamo asiye na mazoea ya kuongea, akasema kutoka nyuma, "Hata mimi ananishika hivyo. Tangu mwaka jana." Mwingine akasema naye pia. Wa tatu akaanza kulia.

"Shangazi, twende," mtoto alinong'ona.

Jumatano Gundi alivuliwa uzee wa kanisa. Alhamisi mke wa mchungaji akaingia kwa fundi, macho mekundu.

"Dada, nisamehe. Ningekusikiliza." Akafungua mikono, akamjia.

Fundi alirudi nyuma hadi mgongo ukagota meza ya kukatia vitambaa.

"Kaa pale kwenye benchi, mama," alisema. "Ongea ukiwa huko huko. Nakusikia vizuri."