Mwalimu Mumbi Ajifunza Kungoja

Mwalimu Mumbi alifundisha udereva Ruiru, na sauti yake ilijulikana hadi Gitothua. Hata gari likipita na vioo vimefungwa, akina mama wa mboga walimsikia: "Klachi! Nimesema klachi! Hiyo ni breki, wewe!" Wanafunzi wake walifaulu sana, maana ukishaponea mikononi mwa Mumbi, askari wa trafiki hawezi kukutisha tena.

Kaka yake Njau alipopata kazi Kanada, alimwachia farasi jike aliyemfuga kwenye shamba lake Mugutha. Aliitwa Sukari. "Mwangalie tu kidogo," Njau alisema, kama mtu anayeacha kuku. Habari hizo zikamfikia Bwana Amrik, mwenye duka la hadiwea kule Thika, ambaye mwanawe Karan alifundishwa gari na Mumbi. Akapiga simu.

"Mwalimu, Karan anaoa. Sisi bwana harusi anakuja juu ya farasi jike. Hiyo yako inavumilia ngoma?"

"Ngoma?" Mumbi akacheka. "Hiyo itacheza!"

Ukweli ni kwamba hakuwahi hata kumshika kamba. Kesho yake akaenda Mugutha, akasimama mbele ya Sukari na kuamuru, "Twende!" Sukari akamtazama. "Si nimesema twende!" Sukari akainua kichwa, akaanza kurudi nyuma, nyuma, nyuma, hadi akaingia kwenye nguo za jirani zilizoanikwa. Akabaki amesimama pale na shuka la maua mgongoni, kama mama anayesubiri daktari.

Mumbi akamtafuta Hiral, binti aliyefundisha watoto kupanda farasi huko huko Ruiru. Hiral alikuja, akamwacha apige kelele zake kwanza, kisha akauliza kwa upole, "Anti, akifanya kile umetaka, wewe hufanya nini?"

"Namwambia kitu kingine."

"Ndiyo maana amechoka na wewe. Vuta kamba kidogo, kama unamuuliza. Halafu ngoja. Akisonga hata kidogo, legeza papo hapo. Hapo ndipo anajua amepatia."

"Na asiposonga?"

"Ngoja tena."

"Mpaka lini, Hiral?"

"Anti, kwani una haraka ya wapi?"

Mumbi alikuwa na haraka ya kila mahali. Hata hivyo akavuta kidogo, akangoja. Nzi akamtua puani. Maneno yakamjaa mdomoni mpaka taya zikauma. Ndipo Sukari akahamisha mguu mmoja, basi, mguu mmoja tu, na Mumbi akalegeza kamba. Furaha iliyompanda ilikuwa ya kupigiwa vigelegele. Hiral akawahi kumziba mdomo.

Wiki zikapita hivyo. Ngoma waliziweka kwenye simu, mbali kidogo, kwa sauti ndogo. Sukari akitulia, wanazizima. Polepole wakazisogeza, hadi siku ambayo Sukari alisinzia spika ikiwa karibu na kwato zake.

Shida ikatokea kwenye gari. Byron, mwanafunzi wa chuo aliyekaa Kahawa Wendani, alizimisha injini katikati ya barabara, akafumba macho akisubiri kimbunga. Mumbi akashusha pumzi. "Sawa. Jaribu tena. Nangoja."

Jioni hiyo Byron akawapigia wenzake wote: "Wazee, Mwalimu ni mgonjwa. Hali ni mbaya." Kabla ya Jumapili Mumbi alikuwa ameletewa maembe, uji wa wimbi na akina mama wa kanisa waliomshika kichwa na kumwombea.

Siku ya harusi, Sukari alivishwa kitambaa chekundu chenye nakshi za dhahabu. Ngoma zikalia, yeye akageuza sikio moja, basi. Aliyeogopa ni Karan. Alimbana Sukari kwa magoti na wakati huohuo akavuta hatamu, farasi akawa anakwenda na kusimama, anakwenda na kusimama.

"Karan," Mumbi akanong'ona akiwa ameshika kamba ya farasi, "unakanyaga mafuta na breki pamoja. Toa pumzi. Legeza magoti."

Akalegeza, wakasonga vizuri mpaka karibu na lango la gurdwara, hekalu lao. Hapo shangazi wa Karan, Madhuri, akasogea kumtakia heri akiwa na shada kubwa shingoni. Sukari akanusa, akauma, akaanza kula maua.

"Mwalimu!" Bwana Amrik akalia. "Ipigie kelele! Si hiyo ndiyo kazi yako?"

Watu wote wakamgeukia Mumbi. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akavuta kamba kidogo, akangoja.

Wapiga ngoma, bila kujua la kufanya, wakaendelea kupiga. Jamaa wakaanza kucheza palepale. Wauzaji wa ndizi wa ng'ambo ya barabara nao wakaingia. Juu ya farasi, Karan akasahau woga, akainua mikono, mabega yakawa yanaruka. Madhuri peke yake ndiye hakucheza, kwa kuwa shada lilikuwa bado shingoni mwake na lilizidi kupungua.

Maua yalipoisha Sukari akainua kichwa, akapiga hatua. Mumbi akalegeza. Msafara mzima ukaingia langoni kwa shangwe.

Karan aliposhuka, magoti yalikataa kukutana. Akamwendea bibi harusi wake, Kiran, kwa miguu ya upinde, naye Kiran akacheka ndani ya mtandio mpaka mama yake akamfinya.

Baadaye Madhuri alimkuta Mumbi nje kivulini na farasi. Alikuwa na sahani ya vitamutamu vya ladu na uzi mtupu shingoni.

"Huyu mnyama wako hana adabu," alisema. Kisha akaangalia huku na huku, akashusha sauti. "Unaweza kunifundisha kumpanda?"

"Mimi mwenyewe bado ni mwanafunzi," Mumbi akajibu, akichukua ladu. "Lakini njoo Jumamosi. Uje bila maua."