Gitaa na Ngoma ya Bujiku

Bujiku alitoa neno lake siku ya gulio, mbele ya watu, na neno likishatolewa gulioni Didia halifichiki tena. Alipanda juu ya gunia la mbegu za pamba, mzee mwembamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, akamnyooshea mwanawe kidole.

"Jumamosi ya wiki ijayo, uwanjani. Mimi na ngoma yangu upande huu, wewe na hilo gitaa lako upande ule. Jua likizama watu wakiwa kwangu, utazikata nyuzi zote sita mbele yao, utashika ngoma, na sitalisikia tena hilo dude nyumbani kwangu. Wakiwa kwako, nitaweka ngoma chini. Sitaigusa mpaka nife."

Makoye alikuwa na miaka ishirini na sita na mikono ya fundi wa umeme. Alitaka kusema, "Baba, tuyazungumze nyumbani," lakini watu walishaanza kupiga vigelegele, na kumkatalia baba mbele ya gulio zima kungekuwa tusi kubwa kuliko kukubali. Akaitikia.

Asiyejua mashindano ya ngoma ya Usukumani asidhani kuna majaji waliokaa mezani na kalamu. Makundi mawili hupangwa uwanja mmoja, kila moja na manju wake, yaani yule anayetunga, anayeongoza na kupiga, nayo huanza saa ile ile. Watazamaji wako huru. Wanakwenda upande unaowavuta, wakichoka wanahama, wakivutwa tena wanarudi. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi, na aliyeachwa hana pa kuficha uso. Bujiku alikuwa manju kwa miaka thelathini. Alishashindwa, ndiyo, tena zaidi ya mara moja, lakini na manju wenzake. Kushindwa na mtoto wa kumzaa ni habari nyingine kabisa.

Chanzo cha yote kilikuwa kufungwa kwa mgodi wa dhahabu kule Geita, mwaka sitini na sita. Mhandisi mmoja Mwingereza, akifungasha mizigo ya kurudi kwao, alimwachia Makoye, kijana wake wa karakana, gitaa jekundu la umeme, amplifaya iliyobonyea kona, na santuri kumi na moja. Makoye alirudi Didia na mali hiyo juu ya lori la pamba, ameikumbatia njia nzima kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Santuri bila mashine ni sahani tu, na mashine alikuwa nayo Mohsin, mtoto wa duka la vitambaa mjini Shinyanga. Mohsin alikuwa mwendawazimu wa muziki wa roki, na alijisifia ugonjwa huo. Binamu yake wa Nairobi alimtumia santuri mpya zikiwa zimefungwa ndani ya majora ya vitambaa. Jumapili alasiri, duka likifungwa, vijana zaidi ya kumi walijibana stoo kati ya magunia ya chumvi, wamevua viatu mlangoni, kwa sababu mtu akikanyaga kwa nguvu sindano inaruka, na sindano ikiruka Mohsin alimtoa nje mwenye kosa bila kujali ni rafiki au ndugu. Waliwajua waimbaji wale kwa pumzi zao tu. Walibishana ni nani mpiga gitaa mkubwa kuliko wote hadi watu wawili wakanuniana mwezi mzima, nao hawajawahi kumwona hata mmoja wa hao waliokuwa wakiwagombania.

Wakaunda bendi. Makoye gitaa, Mohsin ngoma za kizungu alizonunuliwa na baba yake kwa shingo upande, na Thobias wa Nyahanga, aliyekuwa akiimba Kiingereza kizuri ajabu bila kujua maana ya neno hata moja. Mohsin aliwasimamia kwa saa ya mkononi. Wimbo ukiwa dakika tatu na nukta kumi kwenye santuri, basi na wao dakika tatu na nukta kumi. Walipoweza kumalizia pale pale panapomalizia santuri, walikumbatiana.

Tatizo ni kwamba vijana saba kati ya wale waliojibana stoo walikuwa wachezaji wa Bujiku. Walianza kukosa mazoezi, mmoja mmoja, na mzee akahesabu.

Jumamosi ilifika na upepo wa Agosti na vumbi lake. Vijana wa mjini walikuja juu ya lori, suruali zao za bugaluu zikifagia uwanja, na wengine walitoka moja kwa moja kwenye mgodi wa almasi, usingizi wa zamu ukiwa machoni. Upande wa pili walikuja watu wa vijiji vyote vya jirani, wazee kwa watoto. Jenereta iliwekwa mbali, nyuma ya lori. Makoye alifunga waya, akaifungua, akaifunga tena.

Mama yake, Paskalina, alipita na kibuyu cha maji, tayari amevaa shanga zake za kuchezea.

"Mimi nitacheza kwa baba yako," akasema. "Nimecheza kwake tangu hujazaliwa. Usinitazame."

"Nimeelewa, mama."

"Na unywe maji. Hujatia kitu mdomoni tangu jana."

Saa nane kamili Donatus, mwenyekiti wa mashindano, akapuliza filimbi.

Makoye akaligonga gitaa, na Didia haikuwahi kusikia kitu cha namna ile. Mbwa walikimbia. Ng'ombe waliokuwa wakipita kwenda bwawani waligeuka na mchungaji wao. Watu waliganda kidogo, kisha wakaja mbio, mamia, wakasimama mbele yake midomo wazi, na vijana wa bugaluu wakaanza kurukaruka na kupiga mayowe. Thobias alifumba macho akaimba kama anayedai haki yake. Makoye alimwona Mohsin akicheka huku akipiga, na kwa dakika tatu na nukta kumi aliamini kwamba kazi imekwisha.

Wimbo ukaisha, pale pale panapoisha santuri, safi kabisa. Wakatulia wangoje makofi.

Katika utulivu ule, ngoma ya Bujiku ikaingia. Ilikuwa ikilia tangu saa nane, ila sasa ndiyo ilisikika, nzito, haina haraka, na watu wakageuza shingo. "Kule watu wanacheza na sisi tumesimama tu," ndivyo nyuso zao zilivyosema. Wakaondoka. Wimbo wa pili ukawarudisha nusu yao. Ukaisha, wakaondoka tena. Mara ishirini Makoye aliwavuta, mara ishirini akawapoteza, na kila mara waliorudi walikuwa wachache kuliko wa kabla. Saa kumi ilipofika, mbele yake walibaki vijana wa lori na watoto wanne waliokuwa wakitazama jenereta.

Hapo ndipo alipoelewa, na hasira aliyoipata ilikuwa juu ya nafsi yake mwenyewe. Ngoma ya Usukumani haina mwisho. Manju akichoka, mwingine anashika fimbo katikati ya pigo, na hakuna anayesikia tofauti. Ukiacha mwanya, umewaruhusu watu waende. Jambo hilo Makoye alilijua tangu akibebwa mgongoni kwa mama yake, amelala usingizi katikati ya ngoma hiyo hiyo, na akaja kulisahau kwa sababu ya saa ya mkononi ya Mohsin.

"Usimalize," akamwambia Mohsin.

"Nini?"

"Wimbo. Ukifika mwisho, usimalize. Endelea."

"Unaisha pale, Makoye! Hata wenyewe waliopiga wanaishia pale!"

"Wenyewe hawako Didia."

Wakaanza, na mwisho ulipofika wakaupita. Mohsin alikuwa na sura ya mtu aliyevuka mpaka bila pasi. Thobias alirudia Kiingereza chote alichokuwa nacho, akakirudia tena kinyumenyume, kisha sauti ikamkauka akaketi juu ya tairi. Robo saa. Nusu saa. Watu walianza kurudi, taratibu, na safari hii waliokuja walibaki. Lakini Mohsin alikuwa kijana wa dukani, mikono yake ilizoea kukunja khanga. Malengelenge yalipasuka, damu ikaanza kuonekana kwenye fimbo, na saa kumi na moja hivi akapiga pigo moja la kukata tamaa, ngozi ya ngoma kubwa ikachanika kutoka ukingo hadi ukingo.

"Nimekuharibia," Mohsin akasema. Machozi yalimtoka. "Makoye, nimekuharibia, ndugu yangu."

Makoye aliendelea kupiga. Akinyamaza amekwisha, na kuendelea peke yake ni sawa na kukimbia gizani. Vidole viliteleza. Alifumba macho akatafuta kitu cha kushika, chochote, naye akakipata. Ng'ambo ya uwanja, hatua mia moja na hamsini, ngoma ya baba yake ilikuwa ikipiga, na pigo lake lilikuwa likija lenyewe mpaka chini ya nyayo zake. Akaliegemeza gitaa pale. Akaacha nyimbo za santuri. Akapiga sauti zile zile kali za kulia, ila kwa mwendo wa Bujiku, akijibu pale ngoma inapouliza, na mwili wake wote ukatulia kwa mara ya kwanza tangu siku ya gulio.

Aliposikia vishindo vya miguu alifumbua macho. Walikuwa wanakuja. Si vijana tu. Walikuja wazee, walikuja akina mama na watoto migongoni, na walipofika hawakusimama midomo wazi kama mwanzo, walicheza, kwa sababu mguu wa Msukuma ulikuwa umepata pa kukanyaga. Wachezaji saba wa Bujiku walivuka wakiwa na njuga zao miguuni. Upande wa pili ukabaki duara dogo, kisha wachache, kisha Paskalina na wanawake wawili wa rika lake, na mzee na ngoma yake.

Bujiku aliinua kichwa, akatazama uwanja mzima, akatega sikio. Makoye alimwona akielewa. Mtu aliyeishi na ngoma miaka thelathini hahitaji kuelezwa ni nani anayembeba nani.

Fimbo zikasimama hewani.

Ngoma ilinyamaza. Gitaa likayumba, likakosa pigo moja, likakosa la pili, na umati ukajikwaa. Miguu iliyokuwa inashuka haikujua ishuke wapi. Mtu mmoja akaguna. Wa mbele wakaanza kugeuka. Jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja juu ya mawe ya kilima. Makoye alimtazama baba yake, na baba yake akamtazama, na kijana akajua kabisa kwamba yeye, angekuwa na fimbo zile mkononi, asingezishusha tena.

Kisha fimbo zikashuka. Bujiku alipiga kwa nguvu kuliko alivyopiga mchana kutwa, kichwa ameinamisha, hakutazama tena upande wa watu, akapiga mpaka jua likazama lote.

Donatus hakuhitaji kuhesabu. Akaja akauinua mkono wa Makoye, na vijana wa mjini wakambeba Mohsin juu juu na damu zake mikononi.

Bujiku alivuka uwanja na ngoma kifuani, akakataa kusaidiwa, mkewe nyuma yake. Umati ukampisha. Akaishusha ngoma miguuni kwa mwanawe na kulaza fimbo mbili juu yake, sawasawa.

"Shikamoo, baba," Makoye akasema. 

"Marahaba."

"Baba, ulisikia. Ulijua ninapiga juu ya ngoma yako. Ungeacha tu."

"Niliacha, ng'wanone, mwanangu." Mzee alifuta vumbi usoni. "Nikakusikia unaanguka mbele za watu. Sikuweza."

"Basi ichukue. Yale maneno ya gulioni tuyafute, hakuna atakayetulaumu."

"Nilisema mbele ya watu," Bujiku akajibu, wala hakuwa na hasira. "Lilinde hilo gitaa na umande. Nimeona nyuzi zake zina kutu."

Wakaenda, yeye na Paskalina, wakishika njia ya nyumbani. Makoye alitaka kuwakimbilia, lakini watu walishamzunguka, wanamvuta shati, wanamwita manju. Mohsin alikuwa ameketishwa juu ya boneti ya lori, sauti imemkauka kwa furaha.

"Piga, Makoye! Wa ushindi! Ule wa mwisho, rudia ule wa mwisho!"

Umati wote ukadaka maneno hayo. Makoye akaweka vidole kwenye nyuzi, akainamisha kichwa, akangoja ngoma ianze ili aingie. Watu walinyamaza kumngojea yeye. Aliitazama ile ngoma pale chini, na fimbo zake mbili, na hakukuwa na mtu wa kuipiga.